Nimpongeze vipi rafiki aliyehitimu?

Swali: Rafiki yangu amehitimu shahada yake baada ya miaka 7 ya kusoma usiku na kufanya kazi mchana, naye hapendi shamrashamra. Nimfanyie nini?

Jibu la 1: Mwandikie barua kwa mkono, umkumbushe siku mahususi alipokaribia kukata tamaa na jinsi alivyojikaza, kwa sababu “hongera” tupu ataipata kwa kila mtu.

Jibu la 2: Naafiki, ila usiisome mbele ya watu. Mimi niliwahi kusomewa ya kwangu hadharani, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Jibu la 3: Ijalidi tasnifu yake kwa jalada gumu, kisha uichomeke barua hiyo kwenye ukurasa wa shukrani.

Muulizaji: Nitaandika kuhusu usiku aliponipigia simu saa nane, akilia.