Bendi ya kilodaltoni 25 haionekani: je, UbcH5c yangu imeharibika?

Muulizaji, Bukavu
Ndugu zangu wa maabara, nawasalimu. Nina kichupa cha UbcH5c, kimeng'enya cha binadamu cha kubeba yubikwitini (protini ndogo inayobandikwa kwenye protini nyingine), kilichozalishwa ndani ya bakteria E. coli na kusafishwa. Nilikichanganya na E1 (kimeng'enya kinachoiamsha yubikwitini), yubikwitini, ATP (chanzo cha nishati) na magnesiamu kwa dakika 10 kwenye nyuzi 37, kisha nikachemsha sampuli pamoja na rangi yetu ya kawaida na kuipitisha kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa. Nilitarajia bendi mpya karibu na kilodaltoni 25 (kipimo cha uzito wa protini), yaani 17 za kimeng'enya na 8.5 za yubikwitini, lakini nimeona ile ya 17 peke yake, nene na safi. Juzi umeme ulikatika usiku kucha. Je, ndio uliokiharibu?

Jibu, Goma
Dada, usikitupe. Je, rangi hiyo ina DTT au beta-merkaptoethanoli? E2, yaani kimeng'enya cha kubeba kama UbcH5c yako, huishika yubikwitini kwa kifungo cha tioesta, kwenye salfa ya asidi amino ya sisteini ya 85, na kifungo hicho huvunjwa na dawa hizo hizo tunazozitia ili kuzikunjua protini. Huenda basi mmenyuko ulifaulu, ukaufuta mwenyewe dakika ya mwisho. Rudia, kisha gawa sampuli: nusu kwenye rangi isiyo na DTT, bila kuchemsha, na nusu kwenye rangi yako. Andaa pia mchanganyiko usio na ATP, maana bila ATP E1 haiwezi kuiamsha yubikwitini, na bendi ya 25 ikijitokeza hata humo, ujue unatazama kitu kingine.

Jibu, Lubumbashi
Naunga mkono, ila la umeme nisingelipuuza. Kuganda na kuyeyuka mara kwa mara huidhoofisha protini. Kichupa kikifika, kigawe katika vichupa vya mikrolita 5 au 10, uvihifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na kila kimoja kitumike mara moja tu. Umeme ukikatika, mlango wa friza usifunguliwe. (Sisi tulibandika karatasi mlangoni, na bado watu walichungulia.) Tena, ukifika kwenye E3 (kimeng'enya kinachosaidia kuibandika yubikwitini kwenye protini lengwa), angalia ni ipi: UbcH5c hufanya kazi na E3 nyingi za kundi la RING, lakini UbcH7, E2 nyingine, hukabidhi yubikwitini kwa sisteini tu, si kwa asidi amino ya lisini, ndiyo maana inaifaa E3 iitwayo Parkin na kundi la E3 la HECT, na ukiiweka na RING ya kawaida utasubiri bure.

Muulizaji, Bukavu
Nimerudia leo. Bila DTT bendi ya 25 ipo wazi. Penye DTT imetoweka. Pasipo na ATP hakuna kitu. Ila penye DTT imebaki alama hafifu mahali pale pale.

Jibu, Goma
Hiyo ni yubikwitini iliyohamia kwenye lisini ya E2 yenyewe, na kifungo cha namna hiyo DTT haikivunji. Punguza muda hadi dakika 5.