Brashi zangu za rangi ya mafuta hazimalizi mwezi: nakosea wapi?

Mwanafunzi wa uchoraji
Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Najifunza kuchora kwa mtindo wa Tingatinga, nikitumia rangi ya mafuta ya makopo juu ya hadibodi. Kila jioni naziloweka brashi kwenye kopo la mafuta ya taa hadi asubuhi, lakini nywele zinapinda upande mmoja, na ile nyembamba ninayochorea manyoya ya ndege imetawanyika ncha kama ufagio.

Mchoraji wa siku nyingi
Mdogo wangu, kosa ni hilo kopo. Brashi ikisimamia nywele usiku kucha, uzito wake wenyewe unazikunja, na rangi iliyoyeyuka hupanda hadi ndani ya bati linalozishika; ikigandia humo huzitanua nywele kuanzia shinani, na ncha hairudi tena. Mimi nikimaliza kazi naifuta kwanza kwa kitambaa, nikiibana kutoka kwenye bati kwenda nchani, mpaka kitambaa kisichukue rangi. Ndipo naisuuza katika kikopo cha mafuta ya taa, naifuta tena, kisha naisuuza katika kikopo cha pili chenye mafuta safi. Yaliyochafuka usiyamwage mtaroni: yaache yatulie siku mbili tatu, rangi itazama, nawe utayamimina ya juu uyatumie tena.

Mwalimu wa sanaa
Naongezea hatua ambayo wengi huiruka. Mafuta ya taa huacha utando, kwa hiyo isugue brashi taratibu kiganjani kwa sabuni ya mche na maji ya kawaida, wala si ya moto, kwa kuwa joto hulegeza gundi iliyomo ndani ya bati. Rudia mpaka povu liwe jeupe, chonga ncha kwa vidole, kisha uilaze ikauke. Ukiisimamisha ingali mbichi, maji hushukia kwenye mpini, mti ukavimba na bati likalegea. Wanaotumia akriliki, yaani rangi inayochanganywa na maji, wasingoje jioni, maana ikishakauka haiyeyuki tena kwa maji.

Mwanafunzi wa uchoraji
Nawashukuru sana. Jana brashi niliyodhani imetakata ilitoa povu la buluu mara tano. Je, hiyo iliyotawanyika niitupe?

Mchoraji wa siku nyingi
Usiitupe. Nywele za namna hiyo hufaa sana kwa kugongagonga majani ya mti na nyasi za mbali, ila kwenye manyoya ya ndege isirudi.