Kuruka hadi Manda kwa chakula cha mchana

Swali: Ndugu zangu, nimepata leseni ya urubani, nami nataka kumpeleka mke wangu kwa ndege ndogo ya Cessna 172 kutoka Mombasa hadi Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu, tule samaki wa kupaka Lamu na kurudi kabla ya magharibi. Je, yafaa?

Jibu: Yafaa, ila msimu huu wa kaskazi utakwenda ukikabili upepo, kwa hivyo beba mafuta ya kwenda, kurudi na akiba, wala usitegemee kuyapata huko. Tena kutoka uwanjani mtavuka kwa mashua, nayo haina haraka.

Jibu: Mimi ningeanza na Ukunda, hapo karibu kusini mwa Mombasa. Utatua kabla njaa haijauma!

Muulizaji: Ahsanteni. Itakuwa Ukunda, ingawa mwenzangu ameshaahidiwa Lamu.