Daftari la Idi

Kikundi: Wajukuu wa Bi Mwantumu
Jumamosi usiku

Shangazi Rehema: Assalaam alaykum wanangu. Hitma ni Jumapili ijayo, si kesho. Mchele tumeshapata kilo 20, mbuzi bado. Hawajatuma mchango: Fadhili, Salma.

Salma: Waalaykum salaam, shikamoo shangazi. Natuma kesho asubuhi inshallah

Shangazi Rehema: Marahaba. Na juzi ulisema kesho asubuhi.

Salma: 🙈

Salma: Idi. Daftari.

Idi: Salma hapa si mahali pake. Twende kule kwetu

Salma: Kule kwetu umeandika "mchezo umekwisha, asanteni" halafu ukafunga watu wasiandike. Miezi tisa kila Ijumaa nimekaa na simu hadi saa sita usiku tukicheza hadithi yako. Nataka kujua ingekuwaje tungechagua vingine.

Mwanaidi: Na mimi pia. Huku Muscat inakaribia saa tano, watoto wamelala, nina chai. Toa daftari

Fadhili: Naunga mkono hoja

Idi: Msimulizi haonyeshi daftari. Nikiwaambia nyuma ya mlango msioufungua kulikuwa na nini, basi mlango wenyewe umekwisha utamu

Salma: Usituletee maneno ya jukwaani. Swali la kwanza. Mvushaji.

Idi: 😂 haya. Mvushaji wa mto aliwataka nauli gani?

Mwanaidi: Kila mtu ampe kumbukumbu moja. Salma akampa sarafu ya bati

Salma: Niliipaka manjano ikang'aa. Nilirusha dadu ya pande ishirini nikapata 19 wallahi, sikuonewa huruma na mtu

Idi: Mngempa kweli, angewavusha kwa salama na kila mmoja angesahau kitu. Cha Mwanaidi nilishakiandika: mhusika wake, yule manju, anasahau beti ya mwisho ya wimbo wa mama yake. Mlipomlaghai akawavusha vilevile, ila akachonga alama kwenye kasia. Mara ya pili mkaja, akaitazama kasia, akasema leo mtumbwi unavuja. Ndo mkapita darajani

Mwanaidi: Subhanallah, kumbe haukuvuja

Salma: Kwa hiyo daraja ni kosa langu

Idi: Daraja ni sarafu yako

Fadhili: Hiyo naikubali. Tumefanya kitu, kitu kimeturudia. Haya Salma, uliza la lango, maana hilo ndo linakunyima usingizi

Salma: Nauliza. Lango la mji wa Mtaramu. Tulibishana saa mbili nzima. Wakimbizi wako nje, wanagonga, na tumeambiwa ndani yao mna wapelelezi wa Malkia wa Chumvi. Mwanaidi akasema fungua. Mimi nikasema funga. Fadhili akanifuata. Siku tatu baadaye mji umeungua wote. Idi, tungefungua?

Idi: Ungeungua

Salma: Sema tena

Idi: Mngefungua, mji ungeungua. Mlifunga, mji umeungua. Tofauti ni nani angekuwa upande gani wa ukuta

Salma: Idi!!! Saa mbili! Uliniacha nalia ukinisikiliza!

Idi: Hukulia

Mwanaidi: Alilia, alizima kamera

Idi: Sikujua. Pole. Lakini Salma nielewe, mimi ni mtu mmoja, natoka kazini saa kumi na mbili jioni, siwezi kuandika miji miwili kila wiki. Hata wenye mamilioni wanafanya hivi hivi, njia zinaachana kisha wanazikutanisha mbele. Kwenye kompyuta kila tawi lazima liandikwe, lichorwe, aitwe mtu alisomee sauti

Fadhili: Si kila mara. The Witcher 3, ile ya Wapolandi, 2015. Kuna roho imefungwa chini ya mti, inakuomba uiachie, inaahidi itawaokoa watoto yatima wasiliwe na wachawi wa kinamasini. Ukiiachia, watoto wanapona kweli. Ila mke wa Baron, mtawala wa pale, anakufa, na Baron mwenyewe anajinyonga. Ukiiua ile roho, watoto wanaliwa, mke anabaki hai akili zimeruka, mumewe anamchukua kwenda kumtafutia tiba milimani. Mlango wa tatu wa watu wema mimi sikuuona

Fadhili: Niliucheza mara mbili. Mara ya pili nilijua yote na bado nilikaa dakika kumi sibonyezi

Mwanaidi: Mume wangu ana Baldur's Gate 3, ya wale Wabelgiji. Alijiunga na magoblini kuvamia maficho ya wakimbizi, anataka aone tu. Wyll na Karlach, wenzake wa safari mle mchezoni, wakamwambia kwaheri, wakaondoka kambini jumla. Akarudi kupakia mchezo wa juzi yake kama mtu aliyevunja kikombe cha mama yake

Salma: Mnaona? Kule ukichagua kitu, kinatokea. Mimi nimebeba mji mzima kwa bure

Shangazi Rehema: Mji gani umeungua? Na nani kafungiwa lango?

Idi: Shikamoo shangazi, ni mchezo tu

Shangazi Rehema: Marahaba. Nimesoma kuanzia juu. Mchezo gani huo wa kulizana?

Idi: Unaitwa Dungeons & Dragons shangazi. Umetoka Marekani, 1974, waliutunga Gary Gygax na Dave Arneson. Watu walikuwa wanacheza vita vya askari wadogo mezani, wale wakaja na huu: badala ya kuongoza jeshi zima, ongoza mtu mmoja. Mimi nasimulia, nauliza "mnafanya nini?", wao wanasema, tunarusha dadu, naendelea kusimulia kufuatana na dadu

Shangazi Rehema: Na hayo maji, mvushaji, chumvi, ni ya Marekani?

Idi: Hapana hiyo nimeweka mimi. Sheria za dadu ni zao. Mto ni wetu, na chini ya daraja nilimweka chunusi, yule jini wa majini

Shangazi Rehema: Astaghfirullah. Chunusi hachezewi.

Shangazi Rehema: Lakini hayo si mapya. Bibi yenu alipokuwa akitusimulia tulikuwa wanne kwenye jamvi. Kaka yetu mdogo, baba yake Fadhili, alikuwa mwoga. Akiwa yupo na ameanza kufumba macho, zimwi linasinzia, mtoto anatoroka. Akiwa amelala mapema, zimwi linakula mtu na mifupa yake. Hadithi ile ile. Sisi tukawa tunamlaza mapema makusudi.

Salma: 😂😂😂 shangazi

Fadhili: Baba??

Mwanaidi: Zimwi linasinzia

Mwanaidi: Idi. Nikuulize kitu cha Machi

Idi: Uliza

Mwanaidi: Darajani. Kibwana, mhusika wa Fadhili, yuko chini, damu imekwisha. Fadhili amesharusha mara moja, kapata 7, kashapata msalaba mmoja wa kifo. Zamu ya chunusi. Wewe huwa unarushia kwenye lile sinia la bati la mama yako. Nilikuwa na spika za masikioni. Nilisikia dadu mbili, ka, ka. Halafu ukanyamaza. Wewe hunyamazi, wewe dadu haijatulia ushaanza kusema. Halafu ukasema "amekosa"

Salma: Ngoja

Salma: Mtu akiwa amezimia na anayempiga yuko karibu, anarusha mbili anachukua kubwa. Akipata, ni misalaba miwili papo hapo. Mmoja alikuwa nao. Mitatu ni kifo. Idi ulipata ngapi?

Salma: Idi

Salma: Naona tiki mbili za buluu

Idi: 14 na 6

Fadhili: Chunusi anaongeza ngapi?

Idi: 5

Fadhili: 19. Kinga yangu 16, akiifikia amenipata

Idi: Ndiyo

Salma: Ya Rabi. Alihitaji 11 tu kwenda juu. Dadu moja ni nusu kwa nusu, mbili ukichukua kubwa ni robo tatu. Hata haikuwa bahati mbaya Fadhili, ulikuwa unakufa kihalali kabisa

Idi: [Picha]

Mwanaidi: Ndo ukurasa wenyewe? Mbona umepauka hivyo

Idi: Chai. Juu nimeandika KIBWANA AKIFA, hilo nililiandika wiki moja kabla, maana nilijua daraja lile baya. Pale chini kwa penseli ni siku yenyewe. Nimeandika "19", nikafuta, nikaandika "9". Ukiuinamisha kwenye mwanga ile 1 bado unaiona

Salma: Nasoma juu. "Kibwana akifa. Mvushaji anakuja kuchukua mwili, hataki nauli. Shoka linazama. Bila shoka mlango wa ghala la mafuta haufunguki. Hawaingii ghalani. Wanakwenda kuongea na Malkia"

Salma: "Mtaramu unabaki"

Salma: IDI

Idi: Najua

Salma: Moto ulianzia ghalani! Kibwana ndiye aliyevunja mlango, Kibwana ndiye aliyeangusha mwenge! Unaniambia lango halikuwa na maana, kumbe mji uliungua Machi, kwenye sinia la mama yako!

Mwanaidi: Kwa hiyo tulilolicheza ndo lile ambalo halikutokea

Idi: Mkitaka kusema hivyo

Salma: Nimeamini lile lango miezi minne

Shangazi Rehema: Salma mwanangu punguza. Idi, kwa nini zimwi lilisinzia?

Idi: Shangazi naomba nisiseme hapa

Fadhili: Sema tu. Wote wanajua

Idi: Ilikuwa wiki aliyoachishwa kazi. Jumanne kaambiwa, Ijumaa kaja kucheza. Alikuwa hacheki. Nilitazama dadu nikasema si leo, si mbele ya watu. Nilikuwa sina mpango wa Malkia, wala ghala, wala mji. Nilikuwa na Fadhili tu kwenye kioo cha simu

Mwanaidi: Fadhili naona unaandika unafuta, unaandika unafuta

Fadhili: Ujumbe huu umefutwa

Salma: Tumeona kufutwa kwake. Andika

Fadhili: Kwa hiyo tangu Machi nimecheza maiti

Idi: Nisamehe kaka

Fadhili: Sijakasirika hivyo unavyodhani. Nikwambie kitu. Alhamisi ile, sina kazi, sina pa kwenda, nilikaa pale stendi Arusha kwenye benchi nikaandika mtu mwingine. Mvuvi kipofu, miaka 60, anaitwa Mzee Pweza. Anasikia kina cha maji kwa fimbo. Nilijua daraja lile Kibwana hatoki, nami nilikuwa nimeshamchoka Kibwana, kila kitu yeye ni kupiga. Nilitaka afe vizuri, nije na huyu mzee. Nilijaza karatasi nzima. Halafu ukasema amekosa, na wote mkapiga kelele za furaha, nikaikunja

Idi: Hukuniambia

Fadhili: Ulishasema amekosa. Ningesema nini, kwamba nataka kufa? Wiki ile? Mngenipigia simu usiku kucha

Mwanaidi: Tungekupigia kweli

Idi: Nilidhani nakushika mkono

Fadhili: Ulinishika. Ila ulinishika nilikokuwa natoka

Salma: Karatasi unayo?

Fadhili: Iko kwenye begi la kompyuta. [Picha]

Mwanaidi: Umemchorea na pweza kofiani 😭

Salma: "Woga wake: anaogopa mtoto wake atamkuta hajui kitu." Fadhili hii ni nzuri kuliko Kibwana mara kumi

Fadhili: Basi Ijumaa turudi darajani. Chunusi amepata. 19 ni 19

Idi: Na miezi minne ya mbele? Malkia, harusi ya Chiriku, ile kesi ya ndizi?

Salma: Iache ilipo. Ilitokea. Siibomoi harusi yangu kwa ajili ya mtu. Tunaanza tawi la pili tu, na safari hii lango nalifungua, hata ukiniambia liko wazi tangu jana

Mwanaidi: Mimi Kibwana namwimbia. Wimbo wote, pamoja na beti ya mwisho, kwa kuwa sikuilipia nauli

Idi: Sawa. Lakini sharti moja. Dadu narushia mbele ya kamera. Sinia linaonekana

Salma: Hapana

Idi: Hapana?

Salma: Ukionyesha kila dadu, mkono wako hauna kazi. Rushia ulipozoea. Ila ukinyamaza, Mwanaidi atasema

Mwanaidi: Nitasema

Shangazi Rehema: Mimi nauliza. Huyo mzee kipofu yuko upande gani wa mto?

Fadhili: Ng'ambo ya pili shangazi. Wao ndo wako huku

Shangazi Rehema: Na mvushaji ameshakasirika. Sasa atawafikiaje?

Idi: ...

Idi: Hilo sijaliandika

Shangazi Rehema: Basi una wiki. Fadhili, mchango.

Fadhili: Nimetuma sasa hivi shangazi, elfu thelathini, angalia

Shangazi Rehema: Imeingia, Mungu akuzidishie. Salma?

Salma: Shangazi naweza kutuma sarafu ya bati?

Shangazi Rehema: Itume. Nami nitakuchongea alama kwenye kasia.