Sanskrini (losheni ya kukinga jua) ya bei nafuu ya kwenda nayo Mauritius, ninunue huku Kisumu ama nikifika?

MamaWawili_Ksm: Jameni wenye mmesafiri nisaidieni. Tunaenda Mauritius na mzee na watoto mwezi ujao, nimezunguka makemisti ya hapa tao naona vichupa vidogo na bei imesimama, na hawa watoto wangu wakiona maji hawatoki. Alafu kuna moja ya SPF 100 (hiyo namba ya nguvu ya kukinga jua), inashinda ya 50 mara mbili kweli?

Kondele1: Zii dada, namba isikudanganye. 30 inazuia kama asilimia 97 ya miale ya UVB (ile ya jua inayochoma ngozi), 50 ni 98, sasa hiyo ya 100 ni nini kikubwa unalipia? Angalia tu kama inazuia UVA pia (miale ingine ya jua, inazeesha ngozi) na tarehe haijapita. Nunua huku, duka la hoteli watakunyonya.

mtu_wa_Nax: Chupa kubwa iende kwa begi ya chini ya ndege, kwa begi ya mkono mwisho ni mililita 100, na wanaangalia saizi ya chupa, hata ikiwa na tone moja ndani wanaitupa 😂

Nyar_Milimani: Ukiona imeandikwa zinki (ni unga mweupe wa kukinga jua) jaribu kwanza kwa taya, zingine zinaacha ngozi nyeusi kama imepakwa unga. Watoto wavalishe zile nguo za kuogelea za mikono mirefu, utapaka uso, shingo na miguu tu, chupa itakaa. Lakini urudie kila masaa mawili na wakitoka majini.

MamaWawili_Ksm: Asanteni, kesho Kibuye kutafuta hizo za mikono mirefu kwa mitumba.