VAT kwenye ada za shule binafsi Uingereza: wazazi wanaonewa au wanadeka?

Msafiri wa Reading
Wakuu, salaam. Kwa walio mbali: tangu Januari 1, 2025 huku Uingereza ada za shule binafsi zinatozwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 20. Zamani zilikuwa na msamaha. Chama cha Labour waliiweka kwenye ilani, wakashinda uchaguzi Julai 2024, Waziri wa Fedha Rachel Reeves akaitekeleza. Ahadi ni kwamba hela hiyo itasaidia kupata walimu wapya 6,500 wa shule za serikali. Wazazi wanaopinga wamekusanya saini, wamewaandikia wabunge, wamefika hadi Mahakama Kuu, na Juni 2025 wakabwagwa. Mimi sina mtoto huko, ila kazini kuna mzungu analia kila tukikaa kunywa chai. Wana hoja au wanadeka? Tusitukanane tafadhali.

Kayumba Orijino
Wanadeka, mada ifungwe. Eton, ile shule yao binafsi maarufu, sasa ni zaidi ya pauni 63,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Mwenye hela hiyo akilia, mimi nifanyeje, nijinyonge? Sisi tumesoma Kayumba, shule za msingi za serikali za Bongo, kidumu cha maji mkono huu, fagio mkono huu, mchakamchaka alfajiri, na leo tunakula na kusaza. Wakawaandikishe watoto wao shule za serikali wajifunze maisha.

Mama Wawili Leicester
Eton, Eton, Eton. Ukitaja shule binafsi watu wanaona vijana wenye makoti ya mkia tu. Mwanangu wa pili ana usonji. Shule ya serikali alikuwa darasa la watoto 30, mwalimu mzuri kabisa lakini mmoja, mtoto akawa anashinda chini ya meza ameziba masikio. Tukampeleka shule ndogo, darasani wako 12. Hatuna utajiri. Mimi nalea wazee, zamu za usiku, baba yao anaendesha teksi. Mtoto mwenye ile hati ya mahitaji maalumu iliyotaja shule yake, halmashauri ndiyo inalipa na inarudishiwa VAT. Sisi hati tumeomba tukanyimwa, kwa hiyo tunalipa wenyewe, na VAT juu. Nikatia saini, ndiyo. Na ningetia tena.

Kayumba Orijino
Pole dada. Lakini mtu anayeosha wazee kujipanga mstari mmoja na mabwanyenye kutetea ada, hapo ndipo watu wa majuu mnaponivunja mbavu.

Zamu ya Usiku
Rudia hapo. "Anayeosha wazee."
Nimeosha wazee miaka tisa. Hao wazee wameezeka nyumba ya mama yangu, wamesomesha wadogo zangu watatu, mmoja ni daktari. Wewe unayecheka umeezeka nini?

Kayumba Orijino
Mkuu povu la nini, sijataja jina la mtu.

Zamu ya Usiku
Hukutaja jina, umetaja kazi. Bora ungetaja jina.

Mhasibu wa Msimbazi
Naomba niwarudishe kwenye mada kidogo. Watu wanadhani VAT ya 20 maana yake ada imepanda 20. Si lazima. Shule ikishaingia kwenye mfumo wa VAT inaweza kudai ile iliyolipa kwenye manunuzi: ujenzi, kompyuta, matengenezo. Kama dukani tu, unatoa ya mauzo, unapunguza ya manunuzi. Serikali yao ilikadiria wastani wa ongezeko kama asilimia 10. Shule yenye majengo mapya inapata nafuu, ile ndogo ambayo matumizi yake yote ni mishahara haipati kitu, maana mshahara hauna VAT ya kudai. Kwa hiyo anayeumia zaidi ni huyo dada wa Leicester, siyo Eton. Na msisahau wakiwa ndani ya Umoja wa Ulaya wasingeweza kuitoza hii kodi, sheria ya kule ilikuwa inawabana. Ugiriki walijaribu 2015, asilimia 23, haikudumu.

Pwani Asilia
Ugiriki ilikuwa imefilisika lakini, mhasibu. Usilinganishe.
Halafu mimi kuna kitu hunichanganya. Hawa Waingereza si ndio Eton wanaiita shule ya umma? Sasa ya umma inatozwaje kodi ya binafsi? Huku Mombasa shule ya umma ni ya serikali, watoto themanini darasani, hakuna makoti ya mkia.

Msafiri wa Reading
Jina la kihistoria hilo. Zamani maana yake ilikuwa shule iliyo wazi kwa mtoto wa yeyote anayeweza kulipa, hata atoke mkoa gani.

Pwani Asilia
"Wa yeyote anayeweza kulipa." Hapo nimeelewa umma wa Kiingereza.

Nyamaza Mwalimu
Nimefundisha shule za serikali huku. Walimu 6,500 kwa nchi nzima, gawanya kwa shule zote uone kama yako inapata hata mmoja. Ila na wapinzani nao walituaminisha kwamba mafuriko ya wanafunzi yanakuja. Hesabu ya Januari 2025 ilionyesha shule binafsi za England zimepungukiwa wanafunzi kama 11,000 kutoka mwaka uliotangulia, kati ya karibu 590,000. Na uzazi wenyewe umepungua, kwa hiyo hata hao huwezi kusema wote wamekimbia VAT. Sijaona mafuriko.

Mama Wawili Leicester
Kwa mwalimu, 11,000 ni namba. Yule waziri wa elimu, Phillipson, naye aliandika eti shule za serikali zinahitaji walimu kuliko shule binafsi zinavyohitaji karatasi za barua zenye nembo ya kunakshiwa. Shule ya mwanangu barua zinakuja kwenye karatasi ya kawaida, nusu ukurasa ili kubana wino.

Kayumba Orijino
Dada nimeshakupa pole. Hoja yangu ni kwamba Kayumba inajenga mtu. Watoto wa English medium hata salamu hawajui, unamwambia "shikamoo" yeye anakuangalia kama runinga imezima.

Zamu ya Usiku
Shikamoo anaitoa mtoto, siyo wewe umwambie yeye. Kayumba imekujenga kweli.

Nyamaza Mwalimu
😂😂 Hapo nimemwaga chai.

Kayumba Orijino
Nimeteleza kidole. Nilimaanisha hawaamkii. Acheni kushikilia visivyo na maana.

Binti Ngamiani
Kayumba gani ya kuisifia hivyo? Mimi nilisoma Tanga, darasa letu tulikuwa zaidi ya mia, madawati ya wenye bahati. Mwalimu alitujua kwa fimbo. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 wamejaa zaidi. Anayesifia njaa ni aliyeshiba. Wanangu siwapeleki, nitauza vitenge mpaka nizeeke.

Kayumba Orijino
Ndiyo nyie mnaoua Kiswahili.

Binti Ngamiani
Kiswahili nakiongea nao nyumbani, na cha Tanga, siyo hicho chako cha shikamoo ya kinyumenyume.

Msafiri wa Reading
Wakuu, VAT.

Pwani Asilia
VAT imeshapita, bwana, mahakama ishasema mkataba wa haki za binadamu hauilazimishi serikali kumrahisishia mtu shule ya kulipia. Sisi tunataka kujua jambo moja. Kayumba Orijino, wanao wako wapi?

Kayumba Orijino
Mambo ya familia hayahusiani na mada.

Zamu ya Usiku
Kazi ya dada ilihusiana.

Binti Ngamiani
Tunasubiri.

Mhasibu wa Msimbazi
Na mimi nimerudi kwa hilo tu.

Kayumba Orijino
Wapo wawili. Wanasoma English medium, Dar. Basi la njano linawafuata saa kumi na moja alfajiri, na ada ya muhula huu sijamaliza. Mke wangu ndiye aliyeamua.

Mama Wawili Leicester
Saa kumi na moja wanaamka saa ngapi? Wanakunywa chai kweli?

Kayumba Orijino
Wanalala kwenye basi, dada. Mdogo anafika amekunja shingo.

Zamu ya Usiku
Msamaha wa kule juu bado sijauona.