Naomba ushauri: peptidi za "utafiti" kutoka nje, sheria yetu inazitazamaje?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Sinza, Dar. Mdogo wangu anacheza mpira, goti linamsumbua muda sasa, na kuna mtu wa gym amemshawishi aagize mtandaoni BPC-157, peptidi (kipande kidogo cha protini) inayosifiwa kuponya majeraha. Ni unga kwenye kichupa, unachanganya na maji ya sindano, unajidunga. Lebo inasema ni ya utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Sasa mtu anajidungaje kitu ambacho muuzaji mwenyewe amekikana?

Hoja yake ni kwamba "Marekani wanauza wazi". Nimefuatilia, sivyo. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha BPC-157 kama dawa, na mwaka 2023 iliiweka kwenye kundi la malighafi zenye mashaka ya usalama kwa famasi zinazochanganya dawa. Uingereza ukiiuza kama tiba bila leseni unavunja sheria. Australia ni dawa ya cheti cha daktari. Halafu WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zisizoruhusiwa michezoni, wameipiga marufuku tangu 2022, mashindanoni na nje ya mashindano, na huyu kijana ana ndoto za ligi kuu!

Kwetu najua dawa haziingii bila kibali cha TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba. Ninachoomba kwa wafamasia, mawakala wa forodha na wanasheria: lebo ya "utafiti" inabadilisha chochote mzigo ukifika uwanja wa ndege? Anayeagiza kichupa kimoja anashtakiwa, au kinataifishwa tu? Na kwa goti, nianzie MOI (taasisi ya mifupa Muhimbili) au kuna daktari wa michezo mnayemwamini?